Umeyapeleka Wapi Macho Yangu?

Kitambaa kilipoondolewa, sebule nzima ilinyamaza, na Sindano akajua papo hapo kwamba huo haukuwa ukimya wa watu waliopendezwa.

Picha ilikuwa kubwa, ndani ya fremu ya mbao iliyong'arishwa, imeegemezwa juu ya kabati la vyombo ili kila ndugu aione vizuri. Ilikuwa picha yake ya uchumba, zawadi ya mchumba wake kwa wazazi wake, na ilikuwa imefika asubuhi hiyo hiyo kutoka kwa wachapishaji ikiwa bado imefungwa. Nywele zilitoka vizuri. Mshono wa begani, alioushona kwa mkono wake mwenyewe, ulionekana uzi kwa uzi. Sikio la kushoto ndilo lililotoka vizuri kupita kiasi: kila mkunjo ulionekana, hereni ilionekana, na hata lile tundu la pili alilotoboa kwa siri enzi za shule. Lakini macho! Macho yalikuwa mabaka mawili meusi yenye ukungu, kama ya mtu anayechungulia nyuma ya kioo cha bafuni.

"Kumbe una tundu la pili?" baba yake akauliza.

Kabla Sindano hajajibu, Shangazi alikuwa ameshainuka. Dada huyu mkubwa wa baba hakuwa mtu wa kuinuka kitini kwa jambo dogo. Aliisogelea picha, akarudi nyuma hatua chache, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Nilidhani ni miwani yangu," akasema. "Kumbe wala."

"Shangazi, jamani..."

"Jamani nini? Mimi nauliza tu. Huyo kijana anafanya kazi gani?"

"Unaijua kazi yake."

"Naijua. Nataka uitaje mbele ya ndugu zako."

"Mpiga picha," Sindano akasema kwa sauti ndogo.

"Mpiga picha!" Shangazi akaligeukia baraza. "Siyo fundi bomba, tukasema maskini kamera imemshinda. Mpiga picha! Na yule mwoka keki ambaye picha yake ameitundika kwenye dirisha la studio, nyote si mmemwona? Juzi nimesimama pale, kope za yule mwanamke nimezihesabu moja moja. Sasa kaka, nisikilize mimi. Mwoka keki amemwona mpaka kope. Mwanao amemwona sikio."

Binamu mmoja kicheko kilimponyoka, akajifanya anakohoa. Mama akainamisha uso na kuanza kukusanya vikombe ambavyo havikuwa vimemalizwa. Sindano alipomwona mama yake akikusanya vikombe vyenye chai, alitamani ardhi impasukie.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, naye alimpenda yule kijana, hilo halikuwa siri. Alijikuna kidevu, akasema.

"Mwanangu, hii picha imeletwa kwangu, mbele ya watu wangu. Mimi siwezi kujifanya sijaona. Nenda kamuulize. Akiwa na jibu, nitalisikiliza."

"Na asipokuwa nalo?" Shangazi akadaka. "Malizia, kaka. Asipokuwa nalo, pete irudi leo leo. Mwanaume asiyekuangalia siku za uchumba, atakuja kukuangalia lini? Ukishazeeka?"

Baba hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana pia, na hilo ndilo lililomkata maini Sindano.

Mtaani walimpa jina hilo la Sindano kwa sababu mbili. Ya kwanza ni cherehani yake, maana magauni ya harusi ya mtaa mzima yalipita mikononi mwake. Ya pili ni ulimi wake. Siku nyingine angemjibu Shangazi neno kwa neno, halafu wangecheka wote. Leo ulimi ulikuwa mzito, kwa kuwa Shangazi alikuwa amesema kwa sauti kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikimeza mwaka mzima.

Ni kweli, kila picha yake ilitoka vile. Amepigwa akiwa kwenye cherehani, amepigwa kwenye bustani ya maktaba, amepigwa akila ndizi kwenye ngazi za studio, na kila mara ni lile lile: sikio safi, macho ukungu. Mwanzoni aliona ni kichekesho. Aliwahi hata kumwambia mchumba wake kwamba wakija kupata watoto, watoto watamtambua mama yao kwa hereni. Alicheka, naye akacheka, wakayaachia hapo. Lakini usiku kitandani wazo lilikuwa likimjia lile lile, kwamba mtu anayejua kupata macho ya kila mwanamke mjini isipokuwa ya mchumba wake, basi huyo mchumba hamtazami kwa moyo.

Aliibeba ile fremu mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Akaipitisha mtaa baada ya mtaa jua likiwa kali, uso wake mkubwa wenye ukungu ukitazama watu mbele, uso wake mdogo wenye jasho ukichungulia juu yake. Muuza magazeti alimwita amsalimie, akapita kama hakusikia. Alikuwa amefura. Kila hatua ilimwongezea neno jipya la kumwambia yule mwanaume.

Mbele ya studio akasimama. Mwoka keki alikuwa pale pale dirishani, amejaa kioo kizima, akitabasamu. Sindano hakuwa na ugomvi naye, gauni lake la harusi yeye ndiye aliyemshonea. Lakini yale macho! Unaona kope, unaona mstari wa wanja, unaona dirisha dogo jeupe likimeremeta ndani ya mboni. Ukitembea kushoto anakutazama, ukitembea kulia anakutazama. Hayo ndiyo macho ya mtu aliyeonwa. Akausukuma mlango kwa kiwiko.

Ndani, mzee mmoja mwenye tai nyekundu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya pazia jeupe, shingo imemsimama kwa ajili ya picha ya kitambulisho. Mbele yake alisimama yule mwanaume, kamera usoni.

"Hivyo hivyo, mzee wangu. Pumzi ndani. Usitikisike."

Neno hilo alilisema mara nyingi kwa siku kiasi kwamba mtaa mzima ulimwita hivyo, Usitikisike, na jina la nyumbani kwao lilibaki kwenye karatasi za benki. Yeye mwenyewe akipiga picha hatikisiki. Magoti yamefungwa, viwiko vimebanwa mbavuni, kidevu kimetulia juu ya kamera, pumzi ameizuia. Kidole tu ndicho kinachosogea. Kamera ikalia, akashusha mikono, akamwona mchumba wake mlangoni, uso ukamchanua.

"Umekuja! Wamesemaje nyumbani? Baba ameipenda?"

Sindano akaiegemeza fremu kwenye kaunta, akaigeuza imtazame.

"Umeyapeleka wapi macho yangu?"

Tabasamu likamshuka taratibu. "Sindano..."

"Nauliza swali. Nina macho mawili, nimezaliwa nayo, asubuhi nimeyaosha. Kwenye hii picha yako wapi?"

"Siku ile mwanga ulikuwa mdogo."

"Mwanga. Mwoka keki ulimpigia wapi?"

"Hapa hapa."

"Kwa mwanga gani?"

Akalitazama dirisha kama linaweza kumsaidia. "Wa hilo dirisha."

"Na mimi?"

"Wa hilo hilo. Lakini lenzi hii nayo ni ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, si unaijua..."

"Mwoka keki ulimpiga kwa lenzi gani?"

Akaigeuza kamera mikononi.

"Nimekuuliza, kwa lenzi gani?"

"Hiyo hiyo."

"Kijana," mzee mwenye tai akasema kutoka kwenye kigoda, "hapo ningekuwa wewe ningenyamaza."

"Mzee wangu, shikamoo, samahani sana," Sindano akamwambia bila kugeuza kichwa. "Tutamaliza sasa hivi."

"Marahaba, binti. Mimi wala sina haraka tena."

Usitikisike akaweka kamera mezani, akajifuta viganja kwenye suruali. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu anayeinama sana, na Sindano, hata katika hasira ile, aliona kwamba shati alilovaa lilikuwa lile alilomrekebishia kola. Akajilazimisha kutazama pembeni.

"Nikuambie ukweli?" Usitikisike akasema. "Hiyo niliyowapelekea ndiyo nzuri kuliko zote."

"Eti?"

"Nilipiga nyingi siku ile. Nyingine zote ni mbaya kuliko hiyo. Nikasema labda wataangalia tabasamu."

Sindano alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye nywele. "Wataangalia tabasamu! Shangazi avae miwani, avue miwani, aangalie tabasamu! Unajua mama yangu amekusanya vikombe vyenye chai? Unajua wamenicheka? Mimi ndiye niliyekutetea kwa watu wale. Waliposema huyo hana kazi ya maana, nani aliwaambia kaeni hapo mtaona kazi zake? Ni mimi. Leo wameziona!"

"Sikufanya makusudi."

"Afadhali ungefanya makusudi! Ningejua una hasira na mimi, tukagombana, yakaisha. Lakini kutonitazama tu, hivi hivi, bila hata sababu..." Akavuta pumzi, akavua pete, akaiweka kwenye kaunta karibu na ile fremu. Haikutoa kelele kubwa, ila wote watatu waliisikia.

Usitikisike akaitazama pete.

"Baba anataka jibu," akasema Sindano. "Nikirudi bila jibu, hiyo inabaki hapo. Sasa chukua kamera yako. Nipige hapa hapa. Nataka macho yangu."

Mzee akaondoka kigodani bila kuambiwa, akahamia kwenye benchi la wateja na kukunja mikono yake juu ya tumbo. Sindano akakaa. Akageuza uso kidogo kama alivyofundishwa, jicho la kushoto likawa karibu na kamera.

Picha ya kwanza ikapigwa. Akashuka, akaja kuitazama kwenye skrini, akaikuza kwa vidole. Sikio.

"Tena."

Picha ya pili. Sikio. Safari hii hata vumbi la chaki kwenye hereni lilionekana.

"Nakuapia," Usitikisike akasema, "nalenga jicho. Nazungusha lenzi mpaka kope inakuwa safi kabisa, naiona kwa macho yangu haya, ndiyo nabonyeza. Sijui tatizo ni nini. Nimeipeleka lenzi kwa fundi, amesema ni nzima. Nimepima macho yangu, wamesema ni mazima. Kwa watu wote inakubali. Kwako wewe tu inanikataa, na nimekuwa nikiogopa kukuambia."

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kwamba utasema ni ishara."

Hilo Shangazi alikuwa ameshalisema sebuleni, kwa maneno mengine. Sindano akaitazama tena ile skrini. Hasira haikuwa imeisha, lakini fundi aliye ndani yake alikuwa ameanza kufikiri. Nguo ikikataa kukaa, hulii, unatafuta mahali inapovuta.

"Ukiilenga kope, sehemu gani inatoka safi?"

"Kipande chembamba tu. Tundu la mwanga la lenzi hii likifunguliwa lote, kinachotoka safi hakizidi upana wa vidole viwili. Kilicho mbele ni ukungu, kilicho nyuma ni ukungu. Ndiyo uzuri wake."

"Na sikio langu liko mbele ya jicho au nyuma?"

"Nyuma."

"Kila mara nyuma? Haijawahi kutoka pua?"

Akafikiri. "Pua, hapana. Haijawahi."

"Kwa hiyo hicho kipande chembamba kinarudi nyuma kila mara. Kitu gani kinakirudisha nyuma?"

"Labda wewe ukija mbele. Lakini wewe hutikisiki, nakuona."

"Au kamera ikija mbele."

"Kamera naishika mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza naye sauti ikapanda. "Na mimi sisogei. Sindano, nitukane yote mengine, lakini hilo usiniambie. Hii ndiyo kazi iliyonipa jina. Sisogei!"

"Wateja wangu wote hawasogei," Sindano akajibu. "Nikiwapima pindo wanaapa hivyo hivyo. Wanainamia kioo kujiangalia, gauni linatoka upande mmoja juu, mwingine chini, halafu wanakuja kunigombeza mimi. Unajua nawafanyaje?"

Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande bapa cha chaki ya bluu.

"Simama mahali pako."

"Sindano, hii ni..."

"Simama!"

Akasimama. Sindano akapiga magoti kwenye sakafu ya studio na kuanza kuchora kuzunguka kiatu chake cha kulia, taratibu, bila kuruka kona.

Ni wakati huo hasa mlango ulipofunguliwa. Shangazi hakuwa amemwamini mpwa wake kwenye suala la kurudisha pete, akaona bora aje mwenyewe. Akaingia akihema, akamwona yule msichana chini, mbele ya viatu vya yule mwanaume.

"Unampigia magoti!" Shangazi akapiga kelele. "Mtoto wa kaka yangu! Unampigia magoti mtu aliyekufanya sikio!"

"Namchora viatu, Shangazi."

"Unamchora nini?"

"Viatu. Kaa pale kwa mzee, tafadhali. Usiseme kitu."

"Mimi nisiseme kitu?"

"Mama, njoo ukae," mzee mwenye tai akasema, akimsogezea nafasi kwenye benchi. "Hapa ndipo patamu."

Shangazi akakaa, kwa kuwa miguu ilikuwa inamuuma, siyo kwa kuwa ameambiwa. Sindano akamaliza kiatu cha pili, akajikung'uta magoti, akarudi kigodani.

"Piga kama siku zote," akasema. "Sahau chaki."

Usitikisike akainua kamera. Akafunga magoti. Akabana viwiko mbavuni. Mkono wa kushoto ukaanza kuizungusha lenzi, polepole, kwenda na kurudi kidogo, na Sindano akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya mwaka mzima. Siku zote akikaa pale alikuwa akijitazama mwenyewe kwa mawazo: kidevu kimekaaje, meno yasionekane mengi, bega lishuke. Leo alimtazama yeye.

Aliona mkono ukisimama. Hapo alijua kope zimekuwa safi. Aliona pumzi ikizuiwa, vile vile kama alivyoizuia kwa mzee. Kwa mzee kidole kingebonyeza hapo hapo. Kwake hakikubonyeza. Nusu ya uso wa yule mwanaume iliyokuwa nje ya kamera ililegea, ule mkunjo wa kazi kati ya nyusi ukafutika, na mdomo ukafunguka kidogo kama wa mtu anayesomewa barua nzuri. Halafu kamera ikaanza kuja. Haikuja kwa ghafla. Ilikuja kidogo kidogo, kwa utulivu, na mwenye kamera hakuwa na habari. Sindano akatamani asogee naye mbele, wakutane katikati. Akajikaza asitikisike.

Kamera ikalia.

"Usishushe," Sindano akasema. "Baki hivyo hivyo. Sasa angalia miguuni."

Usitikisike akaangalia chini. Mzee akainama kutoka kwenye benchi. Shangazi akasimama, akasogea, akarekebisha miwani.

Viatu vyote viwili vilikuwa vimevuka mstari wa bluu. Visigino vilikuwa juu, hewani, na yule mwanaume mrefu alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, mwili mzima umemwelekea yule msichana.

Usitikisike akavitazama viatu vyake kama si vyake. Masikio yakamwiva.

"Sikujua," akasema. "Kweli kabisa, sikujua."

"Hukujua!" Sindano akainuka. Machozi aliyokuwa ameyazuia tangu sebuleni sasa yalishuka, na hasira ikashuka pamoja nayo, moto moto. "Mwaka mzima nalala nikijiuliza nimekukosea nini! Najitazama kwenye kioo, nasema labda macho yangu ndiyo mabaya, labda ni madogo, labda nipake wanja kama mwoka keki! Kumbe ni visigino! Mwaka mzima unanitesa kwa visigino!"

"Mwoka keki nilimpiga nikiwa nafikiria chakula cha mchana," akasema kwa unyonge. "Watu wote nawapiga nikifikiria vitu vingine. Kazi ni kazi. Lakini wewe nikishakulenga, macho yako yakija pale yakawa safi, yananitazama... hapo ndipo nasahau nimeshika nini. Nasahau kama nina kazi. Nataka tu kuwa karibu zaidi."

"Na hilo lilikushinda kuniambia?"

"Ningekuambiaje kitu nisichokijua?"

"Ungejua kama ungeniuliza! Mimi si napima watu?"

Usitikisike akasogea, akamfuta chozi kwa kidole gumba, na Sindano akaupiga ule mkono, halafu akaushika, halafu hakuuachia.

"Subirini kwanza," Shangazi akasema. "Mimi si mtoto mdogo wa kudanganywa na chaki. Toka hapo, binti. Kijana, rudisha miguu yako ndani. Nipige mimi."

Akakaa kigodani, akanyoosha mtandio, akageuza uso. Usitikisike akasimama ndani ya mistari ya bluu, akafunga magoti, akalenga, akabonyeza. Mambo yakaisha kabla Shangazi hajamaliza kutabasamu. Akashuka haraka kuangalia viatu. Hakuna hata unywele wa nafasi. Viatu vilijaa ndani ya chaki kama mayai kwenye trei. Akadai kamera. Akaonyeshwa. Akaileta karibu na macho, akaiweka mbali.

"Hii mikunjo yote ni ya nani?"

"Shangazi, imetoka safi sana," Sindano akasema, akijiuma mdomo.

"Nimeuliza ni ya nani! Na huyu mtu hakutikisika hata kidogo! Hata kidogo! Amesimama kama ananipigia mhuri!" Akamgeukia mzee mwenye tai amtetee, lakini mzee alikuwa amejifunika uso kwa tai yake, mabega yanamruka. Shangazi akamrudishia Usitikisike kamera kama anarudisha samaki aliyeoza. Kisha akaichukua pete kwenye kaunta, akaipuliza vumbi, akaishika juu kwenye mwanga wa dirisha.

Sindano akasogea karibu na Usitikisike.

"Ile picha inarudi nyumbani," Shangazi akasema. "Ile ile yenye sikio. Inatundikwa juu ya kabati. Na safari hii utaibeba wewe, kijana, siyo mtoto wetu, maana amepita nayo juani mtaa mzima ukimtazama. Ukifika umweleze kaka yangu hayo ya visigino, kwa mdomo wako, na hapo sebuleni utavua viatu uonyeshe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Shangazi, pete yangu," Sindano akasema.

"Pokea. Na hiyo chaki isifutwe, nitamleta kaka aione."

Sindano akaivaa mwenyewe, hakumsubiri mtu, akaisukuma mpaka ikafika mwisho wa kidole. Usitikisike alikuwa ameshainyanyua ile fremu, ameikumbatia kifuani, na juu yake alikuwa akimtazama Sindano kwa namna ambayo ilimfanya Shangazi ajikohoze kwa nguvu na kuufungua mlango.

Alipofika kizingitini, Shangazi akageuka, akamnyooshea Usitikisike kidole.

"Na siku ya harusi picha apige mtu mwingine! Nimesema mimi. Huyu tukimwachia kamera, bibi harusi atatoka sikio."